Shoka la Safari: Majina Yake, Namna Zake, na Jinsi ya Kulichagua

Wengi katika wasomaji wetu, hasa walimu na vijana wa skauti, hupenda siku hizi kutembea kwa miguu milimani na nyikani, mizigo i mgongoni, usiku wakilala katika mahema. Nao hutuuliza: Ni shoka gani litufaalo kwa safari? Swali hili laonekana dogo, kana kwamba ni jambo la kwenda dukani na kutoa fedha tu. Lakini shoka ni chombo kinachobebwa mchana kutwa na kutumika nusu saa. Tena hutumika jioni, mtu amechoka, mwanga umepungua, na hospitali iko mbali. Aliyechagua vibaya hulipa kwa bega lake, au kwa mguu wake. Kwa hiyo tumeona yafaa kuieleza habari yake kwa taratibu: kwanza jina na sehemu zake, kisha namna zake mbili kubwa, kisha mambo ya kupimwa kabla ya kulinunua.

Mtu atakaye shoka la safari na ajiulize maswali matatu. Nitakata mti wa namna gani? Nitalibeba mwendo gani? Na mpini ukivunjika, nani atatia mwingine? Swali la tatu ndilo wasafiri wengi wa leo wanalolisahau, nalo ndilo wazee wetu waliloliweka mbele ya yote, kama tutakavyoona.

1. Jina la shoka na jamaa zake

Neno shoka ni la asili ya Kibantu. Halikuja na jahazi wala na meli. Warundi na Wanyarwanda husema ishoka. Waganda wana neno jingine, embazzi, nalo ni ndugu wa okubajja, yaani kuchonga miti, na wa omubazzi, yaani seremala. Basi Mganda amelitaja shoka kwa kazi yake ya kuchonga. Sisi kwa Kiswahili tumezigawa kazi hizo. Kwa kuchonga tunayo tezo, ambayo bapa lake limekingama na mpini kama jembe, na wengine huiita shoka la bapa. Kwa kukata na kuchanja tunalo shoka lenyewe, ambalo makali yake yaelekea njia moja na mpini.

Hata vitendo vyake lugha imevitenga. Kukata ni kuvuka nyuzi za mti. Kuchanja kuni ni kufuata nyuzi zake na kulipasua gogo kwa urefu. Kupogoa ni kuondoa matawi. Kufyeka ni kusafisha vichaka na miti midogo. Kila kitendo chataka umbo lake la chuma, na mtu akijua ni kitendo gani atakachokifanya zaidi, amekwisha kujua nusu ya habari ya kuchagua.

Kishoka ni shoka dogo. Lakini katika miji ya Tanzania neno hili limepata maana ya pili: mtu ajifanyaye fundi wa umeme au wakala, asiye na idhini, huitwa kishoka, na wenzake vishoka. Jina hilo si la sifa. Na shoka dogo mno nalo, kama tutakavyoeleza, halistahili sifa nyingi.

Sehemu za shoka ni hizi. Makali ni upande ukatao. Bapa ni ubavu wa chuma, kuume na kushoto. Kisogo ni upande wa nyuma, uelekeao mbali na makali. Tundu ni pale mpini upitapo, kama shoka lina tundu. Msuka ni ncha nyembamba ya chuma iingiayo katika mpini, kama shoka halina tundu. Neno hili hutumika pia kwa jembe la kienyeji. Na mpini ni mti wa kushikia. Wazee husema, Shoka lisilo mpini halichanji kuni. Na maneno haya, ambayo watu huyatumia kwa mambo mengi, ni kweli tupu katika habari ya shoka lenyewe.

2. Namna mbili: shoka la msuka na shoka la tundu

Shoka la kienyeji la nchi zetu za bara ni shoka la msuka. Mpini wake ni mnene kwenye kichwa, mwembamba kwenye mkono. Mchongaji hutafuta mahali ambapo tawi limetoka katika shina, au pale mzizi unapoanza, kwa maana hapo nyuzi za mti zimefumana na hazipasuki upesi. Kisha hupasha msuka moto na kutoboa kichwa cha mpini kwa kuchoma. Chuma kikiingia, msuka hutokeza kidogo upande wa pili. Na kwa kuwa msuka ni mwembamba mbele na mnene nyuma, kila pigo huzidi kuukaza. Shoka hili hujikaza lenyewe kwa kazi yake.

Wahunzi ndio waliokuwa mabwana wa chombo hiki. Upareni ukoo wa Washana ulijulikana kwa kazi ya kufua chuma. Na huko Ufipa watu waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu ya udongo, yaliyomzidi mtu kwa kimo. Mhunzi alifua chuma tu. Mpini ulikuwa kazi ya kila mwenye shoka. Basi mtu alinunua chuma mara moja, na mipini alijifanyia mwenyewe maisha yake yote.

Fikirini misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Mpagazi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi. Jioni walipofika kambini palikuwa na kazi ya kukata miiba ya kuzungushia boma, kwa hofu ya simba na fisi, na ya kutafuta kuni za moto wa usiku. Hapakuwa na duka njiani. Shoka lililovunjika mpini lilitiwa mwingine palepale kambini, kwa mti uliopatikana porini. Shoka la msuka lilifaa kwa maisha hayo, na halikuenea bara kwa sababu watu walikosa akili ya kutengeneza jingine.

Shoka la tundu ndilo la Ulaya na Marekani, na ndilo lijaalo katika maduka yetu siku hizi. Chuma chake kina tundu lenye umbo la yai. Mpini huingizwa humo, kisha kichwa chake hupasuliwa na kutiwa kabari ili kitanuke. Uzito wa chuma umejaa pande zote mbili za mpini, kwa hiyo lina kisogo kizito, na mkono hulisikia limetulia. Huko Sweden viwanda vya mashoka ni vya zamani: kiwanda cha Hults Bruk kilianza mwaka 1697, na Gränsfors Bruk mwaka 1902. Katika hiki cha pili mhunzi hupiga herufi za jina lake juu ya chuma alichokifua, ili mnunuzi ajue ni kazi ya nani. Desturi hiyo ingewapendeza wahunzi wetu wa zamani, ambao kijiji kizima kiliitambua kazi ya mkono wao bila herufi.

Namna hizi mbili zashindana hivi. Shoka la msuka ni jepesi, lapita mwilini mwa mti mbichi vizuri, na mpini wake hupatikana kila mahali. Pengine fundi huuchomoa msuka na kuugeuza robo duara, shoka likawa tezo. Lakini chuma chake ni chembamba, hivyo halichanji gogo nene upesi, hukwama. Wala halina kisogo cha kugongea mambo za hema. Shoka la tundu huchanja vizuri kwa sababu bapa lake limenenepa kuelekea kisogoni, likaufungua mti kama kabari. Kisogo chake hufaa kwa mambo za mti, ila si kwa kugonga chuma juu ya chuma, kwa maana tundu huharibika umbo na mpini hulegea. Udhaifu wake ni mpini.

3. Swali la kwanza: mti wa namna gani?

Mashoka mengi ya Ulaya ya kaskazini yametengenezwa kwa ajili ya misonobari na miti mingine laini ya nchi za baridi. Makali yake yamenolewa membamba sana, nayo huingia katika mti laini kama kisu katika papai. Mtu akilichukua shoka hilo katika nyika yetu, akalipiga kwenye tawi kavu la mgunga au la mpingo, huona makali yamemeguka kwa pigo la tatu. Shoka halina kosa. Limetumwa kazi isiyo yake.

Mmarekani George Washington Sears, aliyeandika kwa jina la Nessmuk, aliijua habari hii. Katika kitabu chake Woodcraft cha mwaka 1884 alieleza juu ya kishoka chake chenye makali mawili: upande mmoja mwembamba na mkali kwa kazi safi, upande wa pili mnene zaidi kwa vifundo vya mti na mifupa ya wanyama. Tuna haja ndogo ya kuiga shoka la makali mawili, kwa maana lina hatari yake kwa asiyelizoea: humkata mtu likienda na likirudi. Lakini fikira yake ni njema. Kwa miti migumu na mikavu ya nchi zetu makali na yawe manene kidogo, pande zake mbili zikikutana kwa pembe ya nyuzi 30 au zaidi kidogo. Na kwa misonobari na mikaratusi michanga ya mashamba ya nyanda za juu, makali membamba zaidi yatafaa.

Tena msafiri mwenye busara hakati mti ulio hai kwa moto wake. Kuni mbichi hutoa moshi kuliko joto. Huokota tawi lililokauka, na lililosimama kavu ni bora kuliko lililolala ardhini, kwa maana hili hunyonya unyevu. Tawi lisilozidi kifundo cha mkono kwa unene halihitaji shoka hata kidogo; panga au goti latosha. Shoka ni la gogo lililo nene kama paja, hasa siku ya mvua, ambapo ganda la nje limelowa na kuni kavu ziko ndani, nazo hazipatikani ila kwa kuchanja.

4. Swali la pili: mwendo gani, na mpini wa urefu gani?

Hapa vijana wengi hukosea kwa kuogopa uzito. Hununua kishoka chenye mpini wa sentimeta 30 au 35, wakisema kitaingia mfukoni mwa mkoba na hakitawachosha. Na wataalamu wengi wa kazi hii waonya juu yake. Sababu ni mzunguko wa mkono. Mtu akisimama na kupiga kwa mpini mfupi, kisha pigo likakosa gogo au likateleza, makali huendelea na mzunguko wake, nayo hurudi kwake, hata yafike gotini au kwenye muundi wa mguu. Lakini mwenye mpini wa sentimeta 70 akikosa vivyo hivyo, mara nyingi makali huingia ardhini mbele ya miguu yake. Mpini mrefu ni kinga.

Basi aliye na shoka fupi na apige magoti. Akiwa amepiga magoti, gogo likiwa mbele yake juu ya gogo jingine, pigo lililokosa huishia ardhini. Wazee wetu wenye mashoka ya msuka hufanya kazi nyingi hivyo, au wakiwa wameinama sana, na sasa sababu yake yaonekana: mipini yao si mirefu.

Kwa vipimo twasema hivi. Mtu aendaye peke yake au wawili, na mzigo wote mgongoni, atosheke na shoka lenye chuma cha kama gramu 700 na mpini wa kama sentimeta 50. Shoka la namna hii uzito wake wote hauzidi kilo moja kwa mengi. Hutumika kwa mkono mmoja au miwili, na hujifunga vizuri nje ya mkoba. Kundi la watu wanne au zaidi, wanaogawana mizigo, na walichukue moja lenye chuma cha kilo moja na mpini wa sentimeta 60 hata 70. Shoka moja kubwa kwa kundi ni bora kuliko vishoka vinne. Ama shoka la kilo mbili na zaidi ni la nyumbani na la gari. Mwenye kwenda kwa miguu, kilo moja atakayoipunguza katika shoka ni kilo moja ya unga, nayo haitamsikitisha siku ya tatu.

5. Swali la tatu: nani atatia mpini?

Katika matembezi ya wanafunzi tuliyofuatana nayo, kijana mmoja alikuwa na shoka jipya la tundu, limepakwa rangi nyekundu mpaka kichwani mwa mpini. Usiku wa kwanza kichwa kilicheza kidogo. Akalitumbukiza shoka katika ndoo ya maji, kama watu wengi wafanyavyo. Asubuhi lilikuwa limekaza. Jioni ya pili, baada ya jua la mchana, chuma kilichomoka katikati ya pigo, kikapita juu ya wenzake waliokuwa wakisonga ugali, kikaanguka katika majani. Hakuna aliyeumia. Tulipoikwangua rangi tuliona kabari yenyewe ilikuwa fupi kama kidole gumba, na pembeni mwa tundu palikuwa na nafasi iliyozibwa kwa rangi.

Kutia shoka majini ni dawa ya uongo. Mti unyweao maji huvimba, na kwa kuwa chuma kimeubana, nyuzi zake husongwa. Ukikauka hunywea kuliko ulivyokuwa kwanza, na shoka hulegea kuliko jana. Dawa ya kweli ni kabari mpya ya mti mgumu, na mafuta ya kitani yapakwe kichwani mwa mpini, yaingie katika nyuzi zake.

Katika kijiji cha karibu mzee mmoja aliwachongea vijana wale mpini mpya kwa panga, na kazi yake ilikuwa nzuri. Lakini mti ulikuwa mbichi, na kabla ya safari kwisha ulinywea ndani ya tundu, chuma kikacheza tena. Mzee yule mwenyewe alikuwa na shoka la msuka, na mpini wake nao alikuwa ameukata ungali mbichi. Mbona wake haukulegea? Ni kwa sababu mti uliponywea, msuka ulizama zaidi kwa pigo lililofuata, nafasi ikajaa. Katika shoka la tundu mti ndio ulio ndani ya chuma, nao ukinywea huacha pengo. Katika shoka la msuka chuma ndicho kilicho ndani ya mti. Tofauti yote imo humo.

Kwa hiyo mwenye shoka la tundu hana budi kuutayarisha mpini wa akiba nyumbani. Mti wake na ukatwe mapema, ukaushwe kivulini miezi mingi. Ulaya hutumia mti uitwao eshi, na Marekani hikori, na yote miwili husifiwa kwa sababu moja: hupinda kidogo bila kuvunjika, ukaumeza mshindo wa pigo kabla haujafika mkononi. Katika nchi zetu mkole na mpera una sifa kama hiyo, nayo hutumika sana kwa mipini. Mti mgumu sana kama mpingo haufai, kwa maana ni mzito, tena mshindo wote huuleta mkononi.

6. Kulikagua shoka kabla ya kutoa fedha

Kwanza, litazame kichwani mwa mpini. Nyuzi za mti na zielekee njia moja na makali, si kukingama nayo. Na zifuate urefu wa mpini bila kutokea ubavuni. Mpini ambao nyuzi zake zatokea ubavuni utapasuka hapo.

Pili, likimbie lile ambalo mpini wake umepakwa rangi nzito. Rangi huficha kifundo, ufa na pengo. Tena hufanya malengelenge mkononi.

Tatu, linyoshe mbele ya jicho moja, makali yakiwa juu, utazame kama makali na mpini viko katika mstari mmoja.

Nne, jaribu chuma kwa tupa. Tupa ikiteleza bila kushika, makali ni magumu mno na yatameguka. Ikikwangua kama inavyokwangua risasi, ni laini mno na yatajikunja. Ikishika kwa shida kidogo, ni pua iliyotiwa maji vema. Hapa tuseme kwamba siku hizi wengi hulitumia neno chuma cha pua kwa chuma kisichoshika kutu, kama cha vijiko na sufuria. Hicho sicho tukitakacho. Pua ya shoka hushika kutu, nayo hutaka mafuta.

Wala msidharau kazi ya wahunzi wa mtaani. Mafundi wa jua kali, kama wale wa Kamukunji mjini Nairobi, na wahunzi wengi wa vijijini, hufua mashoka kwa springi za magari yaliyokwisha kazi. Springi hizo ni pua nzuri, yenye kuvumilia mshindo. Ukimkuta mhunzi mwaminifu, mwambie ni mti gani utakaokata na uzito gani uutakao, naye atakufulia shoka kwa kipimo chako, jambo ambalo duka haliwezi.

7. Kulitunza, na adabu zake

Shoka butu ni la hatari kuliko kali, kwa maana huteleza juu ya gogo badala ya kuingia. Chukua kinoo kidogo, na kipande cha tupa kwa makali yaliyomeguka. Usilinoe kwenye jiwe la mashine likizungukalo kwa kasi bila maji. Joto likipanda hata makali yakageuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha. Kwa sababu hiyohiyo, mpini ukivunjika ndani ya tundu, usilitupe shoka motoni ili kuuchoma mti utoke. Utautoa mti, na ugumu wa makali utatoka nao. Toboa mti kidogo kidogo, kisha uusukume nje. Na apashaye msuka moto ili kutoboa mpini, na ayafunike makali kwa kitambaa kilicholowa.

Njiani makali na yawe ndani ya ala ya ngozi. Kambini shoka lisilotumika hupigwa katika gogo likakaa, wala halilazwi majanini. Wazee walitufundisha kwamba shoka halirushwi kwa mwenzio. Hulazwa chini naye akaliokota, au hupewa mpini akaushika vema kabla hujauacha. Wala mtu hasimami mbele ya mchanjaji wala nyuma yake. Na akatae matawi ya gogo lililolala na asimame upande wa pili wa gogo, lenyewe liwe ngao ya miguu yake. Giza likiingia, kazi ya shoka imekwisha; kuni za usiku huchanjwa mchana.

8. Mahali ambapo shoka hubaki nyumbani

Wazee husema, Mwenye shoka hakosi kuni. Lakini wakati mwingine msafiri hukosa ruhusa. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro moto wa kuni umekatazwa, na katika hifadhi za taifa kwa jumla kukata miti ni kosa mbele ya sheria. Msitu wa mlimani hukua polepole, na wasafiri ni wengi; kama kila kundi lingekata gogo moja, miaka michache ingetosha kuuvua mlima nguo yake, na vijito vya walio chini vingepungua. Huko msafiri na achukue jiko la gesi, shoka alitundike ukutani. Kulichagua shoka ni pamoja na kujua siku ya kutolichukua.

Basi tukiyakusanya maneno: aendaye nyika ya mbali, ambako vijiji ni vichache, na alifikirie shoka la msuka kwa moyo mmoja, asilione duni kwa kuwa halina chapa ya kiwanda. Atakaye kuchanja magogo manene na kugonga mambo za hema, na achukue la tundu, lenye makali ya kadiri na mpini aliouchunguza mwenyewe, na mpini wa akiba uliokauka. Na wote wawili wakiepuke kishoka cha mfukoni.

Tuna neno la mwisho kwa wenzetu walimu. Maneno kama msuka yamo vinywani mwa wahunzi na wachongaji wazee, nayo yataondoka pamoja nao kama hayakuandikwa. Kila kabila lina majina yake ya sehemu za shoka, ya miti ya mipini, na ya namna za kupiga. Mwalimu aliye karibu na mhunzi na akae naye jioni moja mbele ya mivukuto, aandike majina hayo na maana zake, atuletee tuyachape. Tutayapokea kwa shukrani, na vijana wetu watapata kujua kwamba chombo wanachokitafuta madukani kina elimu yake, na elimu hiyo i nyumbani kwao.